Bure Ina Nauli Yake

Mwaka 2010 nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye stesheneri moja Mwenge, Dar es Salaam, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Kompyuta zilikuwa tatu. Mbili zilifanya kazi. Ya tatu tuliiwasha tu ili mteja akiingia aone kompyuta tatu.

Mchana mmoja akaingia kijana wa chuo, jasho linamtoka, flashi mkononi. Humo ndani kulikuwa na ripoti yake ya mwaka wa mwisho, na ya kuikabidhi ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikaichomeka. Mafolda yote yamegeuka shotikati, vile vialama vyenye mshale mdogo kwenye kona. Ukibofya hakuna kitu, ukibofya tena umeshakikaribisha kirusi kwenye mashine ya dukani. Kwa ugonjwa ule nilikuwa na dawa moja tu, kufomati, yaani kufuta kila kilichomo. Nilipomwambia, akakaa chini taratibu kwenye ndoo ya rangi tuliyokuwa tunaitumia kama kiti.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo jamaa anasubiri fotokopi ya cheti. "Dada, samahani, naomba nijaribu mimi." Akatoa CD kwenye begi, akaizima mashine, akaiwasha kwa kutumia CD ile ile bila kuigusa diski ya ndani. Ilichukua muda, maana mashine ilikuwa na RAM ya megabaiti 512 na kile kisomea CD kilikoroma kama mzee mwenye mafua. Mwishowe ikatokea skrini nisiyoijua. Akachomeka flashi. Mafolda yale yako pale pale, yote, na pembeni yake zile shotikati za uongo pamoja na faili moja linaloitwa autorun.inf. Kirusi hakikuwa kimefuta kitu, kilikuwa kimeyaficha mafolda tu, na alama ya kuficha ambayo Windows inaitii, mfumo huu mwingine haukuwa na habari nayo. Jamaa akafuta takataka mbele ya macho yetu, kama mtu anayechambua mchele.

Kijana alitaka kumlipa. Jamaa akakataa, akasema hata CD yenyewe hakuinunua. Ubuntu, ndivyo ilivyoandikwa: mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Siku hizo kampuni ya Canonical ilikuwa inatuma CD hizo duniani kote. Unajaza jina na namba ya sanduku la posta, unasubiri wiki kadhaa, bahasha inakuja, hata stempu hulipii. (Utaratibu huo waliusitisha mwaka 2011.) Akaniachia ile CD. Jioni nilipoifungua nikakuta folda la mifano, na ndani yake video fupi ya Mandela akieleza maana ya ubuntu. Maneno alikuwa anayasema kwa Kiingereza, lakini kwetu kitu hicho kina jina lake: utu.

Kabla hajaondoka nilimuuliza swali moja. Printa je, itachapa? Akacheka. "Hilo njoo nalo Jumamosi, sisi watumiaji wa mfumo huu tunakutana Posta."

Jumamosi nilipanda Mwenge–Posta, nikakwama kwenye foleni ya daraja la Selander kama kawaida, nikafika nimechelewa. Chumba kilikuwa cha kuazima, orofa ya tatu, lifti mbovu. Vijana kama kumi na wawili, wote wanaume, laptopu zimejaa stika. Nilipoingia, mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, chai itakuwa tayari saa ngapi.

"Sijui, kaka. Na mimi nimekuja na njaa."

Chumba kizima kikaangua kicheko, yeye akatazama chini. Nisimwonee: ndiye aliyekuja kuwa rafiki yangu mkubwa pale, na kwa miaka miwili mfululizo chai aliileta yeye.

Mada ya siku ile ilikuwa keneli ya Linux, yaani kiini cha mifumo kama Ubuntu, kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Msemaji alitumia saa nzima kueleza jinsi ya kujitengenezea keneli yako mwenyewe. Sikuambulia kitu. Mwishoni nikanyoosha mkono, nikauliza nilichojia: nitachapaje? Kikapita kimya kile cha watu wanaokuhurumia. Mmoja akasema hilo lipo kwenye mwongozo, nikasome. Mwongozo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, tena uko kwenye intaneti. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulikuwa umeshaanza kazi pwani yetu Julai 2009 na magazeti yalishangilia, lakini stesheneri yetu bado ilikuwa inahesabu megabaiti za vocha kama mtu anayehesabu punje za dawa.

Alikuwepo mwalimu wa sekondari, mtu mzima kuliko wote, tukimwita Ticha. Akasema, "Keneli itasubiri. Dada, wiki ijayo ije hiyo printa."

Printa ya leza ina uzito wake. Niliipakata kutoka Mwenge, na tulipofika Makumbusho konda akasimama juu yangu. "Na huyu mwenzako, mama, nauli yake?" Nikadhani utani. Haukuwa utani. Nililipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi, kwa ajili ya programu ambayo kila mtu alikuwa ananiambia ni ya bure.

Ugonjwa wa printa ulikuwa huu: taa inawaka, kompyuta inaitambua hadi jina, unatuma kazi, karatasi haitoki. Ticha alinieleza kwa lugha ambayo nimeitumia hadi leo. Printa za aina hiyo zinauzwa nafuu kwa sababu ubongo wake haukai ndani yake. Kila ikiwashwa, lazima kompyuta iimiminie kwanza programu yake ndogo, ndipo ikumbuke kuwa yenyewe ni printa. Umeme ukikatika, imesahau tena. Ukiwa na ile CD inayokuja na printa, kazi hiyo inafanyika kimyakimya, hujui hata kama ipo. Sisi ilibidi tulitafute faili hilo wenyewe, tuliweke mahali pake, halafu tulisukume kwa amri moja.

Hapo ukazuka ubishi ambao siku ile niliuona wa kipuuzi, leo nauheshimu kidogo. Kijana mmoja aligoma kuligusa faili lile. Si huria, alisema; aliyetengeneza printa ameuficha msimbo wake, hakuna anayeruhusiwa kuona kilichomo, na tukilibeba hili tutabeba na lijalo. Mwingine akamjibu kwamba printa isiyochapa haijamkomboa mtu. Wakaenda hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikasema mimi Jumatatu nina wateja. Ticha akaandika amri, printa ikakohoa, ikatoa ukurasa wa majaribio wenye rangi za kijivu. Watu wazima kumi na kitu wakaipigia makofi karatasi moja.

Usiku ule niliandika maelekezo kwa Kiswahili, hatua saba, upande mmoja wa karatasi. Sikuandika kwa ajili ya jamii yoyote. Niliandika kwa sababu umeme ungekatika kesho, nami nisingekumbuka. Nikabandika ukutani nyuma ya printa, nakala moja nikampa Ticha.

Tatizo langu la pili lilikuwa bosi. Sehemu nzuri ya mapato ya duka ilitokana na kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, na kuondoa virusi. Mtu analeta mashine, unampiga windo upya, baada ya miezi miwili karudi nayo imejaa virusi vile vile. Nilipomwambia bosi kuna mfumo ambao virusi vile haviushiki, alinitazama kwa muda. "Ukishawaponya wote, mimi na wewe tutakula nini?" Sikuwa na jibu, na sidhani wale vijana wa Posta walikuwa nalo. Wengi wao walikuwa na ajira au mzazi.

Tulifika mahali pa kuelewana. Ile kompyuta ya tatu, ya kupamba duka, nikaiwekea Ubuntu, tukaifanya kituo cha kwanza cha kila flashi inayoingia. Wateja wakaipa jina mashine ya kufulia. Baada ya muda watu walikuwa wanatoka maduka ya jirani kuja kufua flashi tu, kwa mia tano. Bosi aliniuliza siku moja kwa sauti ya chini kama hatutashitakiwa, kupata hela kwa kitu cha watu cha bure. Nikamweleza leseni inaruhusu. Unaweza kuitumia, kuigawa, kuibadilisha, hata kuiuza. Unachokatazwa ni kumnyima mwenzako ruhusa hiyo hiyo uliyopewa. Alikaa na hilo neno siku nzima. Sijui kama aliniamini, ila mashine ya kufulia hakuigusa.

Shida ya neno "bure" ilinifuata kila mahali. Kwa Kiingereza neno lao ni moja, ndiyo maana Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, tangu atangaze mradi wake wa GNU mwaka 1983, hajaacha kufafanua kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna maneno matatu na bado hayatutoshi. Ukimwambia mteja programu ni ya bure anasikia kazi bure, mtu bure, kitu kisicho na mwenyewe. Ukisema ni huru, atakuuliza kwani ilikuwa imefungwa wapi. Ukisema huria, mtu wa rika la bosi wangu anakumbuka soko huria na viwanda vilivyofungwa, na uso wake unabadilika. Nikaacha kueleza. Nilikuwa nawafulia flashi, basi, na aliyetaka kujua zaidi aliuliza mwenyewe.

Na maneno ndiyo yaliyonifanya nibaki. Kundi liliamua kutafsiri menyu za programu ndogondogo. Hatukuwa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walishatoa OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka, kwa Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice, na Ticha alikuwa nayo kwenye CD. Mimi nilijiona nimefika. Mtu anayechapa barua za Kiswahili kutwa, nani atamfundisha? Nilikaa usiku mmoja nikatafsiri vifungu zaidi ya mia mbili, Jumamosi nikaingia nimenyoosha shingo.

Jumatatu nikaijaribu dukani. Mama mmoja mwalimu wa msingi alikuwa anapanga mitihani yake, akataka kuondoa faili la zamani. Kikatokea kidirisha: "Una hakika unataka kufuta faili hili?" Chini yake vitufe viwili. Cha kushoto kimeandikwa "Futa". Cha kulia kimeandikwa "Futa".

"Mwanangu," akaniita, "hapa nina hiari gani?"

Cha kwanza kilikuwa kufuta faili. Cha pili kilikuwa kughairi, nami kwa haraka zangu za usiku nilikiandika kama tunavyosema dukani, "futa hiyo oda". Kila neno peke yake lilikuwa sahihi. Mama wa watu aliogopa kubofya, akazima kompyuta kwenye swichi ya ukutani. Faili lilipona, mtihani mpya aliokuwa hajauhifadhi ukapotea, nikauchapa upya mimi, bila malipo, nikijilaani.

Tangu hapo nilikuwa nachukua tafsiri zetu zote naziweka kwenye mashine ya kufulia na kuwaangalia wateja bila kuwaambia kitu. "Tarakilishi" ilishindwa siku ya kwanza. Walidhani ni jina la ugonjwa. Tukarudi kwenye "kompyuta". "Nywila" waliisoma wakanyamaza, "neno la siri" waliandika bila kuuliza. "Kabrasha" liligawa duka: wazee waliofanya kazi ofisini walilipenda, vijana wakasema folda. "Pakua" lilipita bila kelele, wali na faili vyote vinapakuliwa. Wasomi wa kundi walikasirika kidogo kwamba hukumu inatolewa na watu wanaosubiri fotokopi. Ticha aliwaambia hao ndio wenye lugha.

Lakini lililotuumiza kichwa kuliko yote halikuwa msamiati. Waandishi wa programu huacha pengo ndani ya sentensi, alama ya %s, na kompyuta yenyewe inalijaza. Kwa Kiingereza sentensi "%s deleted" haina neno. Kwetu, pengo likijazwa na faili, limefutwa. Picha, imefutwa. Kitabu, kimefutwa. Mtumiaji, amefutwa, na hapo mtumiaji mwenyewe lazima ashtuke. Yule aliyeandika programu huko aliko hajawahi kukutana na ngeli. Tulizunguka na hiyo Jumamosi tatu. Wengine walitaka tuandike "i/li/ki/amefutwa" kama fomu ya serikali. Aliyelifungua fundo ni yule kaka wa chai, ambaye hakuwa mtu wa kusemasema. Alikuwa anagawa vikombe, akasema, "Si mseme kufuta kumekamilika?" Tukatazamana. Kufuta kumekamilika: halafu nukta mbili, halafu pengo, lijaze na chochote. Kitenzi kimejikubalisha chenyewe, kilichofutwa kikae kivyake. Hila hiyo tuliitumia kila mahali: kuhifadhi kumeshindikana, kutuma kumeanza. Siyo Kiswahili cha barazani, lakini hakimkosei mtu adabu.

Sasa nije kwenye posho.

Jumamosi ya tatu ya Septemba duniani kote huwa ni Siku ya Uhuru wa Programu. Mwaka mmoja taasisi fulani ikajitokeza kutufadhili. Ukumbi wa hoteli, bango, fulana, chakula cha mchana na elfu ishirini za nauli kwa kila mshiriki. Sisi tuliozoea kuchangishana hela ya maandazi tulikuwa kama tumeota. Walikuja watu zaidi ya themanini. Wengi walisaini, wakala, wakasikiliza kwa heshima, wakasaini tena kwa ajili ya bahasha. Walioleta kompyuta hawakufika kumi. Mimi ndiye niliyeshika daftari la mahudhurio, na nakumbuka baba mmoja aliyeniuliza, kwa nia njema kabisa, mafunzo haya yanahusu nini ili akiulizwa kazini ajue la kusema.

Siwacheki. Nchi hii mtu akiitwa semina anauliza posho, kwa sababu semina nyingi hazina kingine cha kumpa. Kosa lilikuwa letu. Mwezi uliofuata tulirudi kwenye chumba cha orofa ya tatu, wakaja watano, mmoja wao akauliza bahasha zitatolewa saa ngapi. Kibaya zaidi, tukaanza kuhesabiana. Nani alishika pesa, kwa nini fulana zilibaki nyumbani kwa fulani, mbona msemaji alipewa zaidi ya aliyebeba meza. Watu waliobishana miezi bila kukasirikiana juu ya faili la printa, walikosana kabisa juu ya fulana. Yule kijana mwenye msimamo wa huria aliacha kuja. Nilimkosa kuliko nilivyotarajia. Chumba cha Posta nacho kikapata mpangaji wa kulipa.

Tukabaki sita. Nikamwomba bosi tukutane dukani Jumamosi jioni baada ya kufunga. Akakubali kwa sharti moja, umeme tulipe sisi. Tulinunua luku kwa zamu. Hakukuwa tena na mada wala msemaji. Mtu alikuja na mashine mbovu, tukakaa tukaitazama. Aprili 2014, Windows XP ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, tulishughulika kuliko wakati wowote, maana nusu ya kompyuta za maofisi madogo ya Mwenge zilikuwa za XP na hazikuwa na nguvu ya kubeba kipya. Tuliwawekea Lubuntu, ndugu yake Ubuntu aliye mwepesi, zikaamka. Daftari la mahudhurio lile la hoteli nililigeuza upande wa nyuma, nikawa naandika mashine: jina la mwenye nayo, ugonjwa, dawa, nani ameitibu. Hilo ndilo daftari ambalo watu walikuwa wanaomba kulisoma.

Nina stesheneri yangu sasa, ndogo, Tabata. Mwaka jana aliingia binti kutoka Kibaha na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema mjomba wake ana duka la fotokopi, printa imegoma, kuna fundi amempa karatasi hii lakini haisomeki vizuri, je, naweza kumsaidia? Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimevimba, kingo nyeusi. Hatua saba. Nilimtambua mtu anayeandika "hakikisha umeme upo" kama hatua ya kwanza.

Jina langu halikuwepo, sikuwahi kuliandika. Lakini pembeni ya hatua ya tatu, kwa kalamu ya bluu na mwandiko nisioujua, mtu alikuwa ameandika: "Hii siku hizi si lazima, mfumo unafanya wenyewe." Na kwenye hatua ya sita mwingine, kwa penseli, amesahihisha amri yangu, herufi moja niliyokuwa nimeiandika kubwa badala ya ndogo.

Nikamkalisha binti, nikampa maji. Tulijaribu bila hatua ya tatu. Printa ikakohoa, ikachapa. Nikamchapia karatasi mpya, safi, hatua sita. Alipoondoka nikaenda ukutani kwangu, nikachukua kalamu, nikaikata hatua ya tatu.

Alitaka kujua ni shilingi ngapi. Nilimwambia anilipe ya karatasi.